Fundi Aliyeomba Nusu

Kwa miaka kumi na tisa Fundi alinishonea suruali, na hata siku moja hakuniambia kwamba nimenenepa. Alizungusha futi kiunoni, akasoma, akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Haya." Ukitaka kujua habari zako mwenyewe ilibidi usubiri ainuke kuchochea makaa ya pasi, kisha ulifunue daftari upesi. Mimi nilianza na thelathini na moja. Nilikofika sitasema.

Kibanda chake kilikuwa Kombani, baina ya muuza mabati na mwanamke wa viazi vya karai. Simkumbuki bila miwani, wala simkumbuki akiivaa ipasavyo. Ilikaa kwenye paji la uso siku nzima, na alipotaka kutunga uzi aliitafuta mezani. Alikuwa Mkamba aliyekaa pwani muda mrefu hata Kikamba chake, waliniambia wenzake, kikaanza kwenda taratibu. Sisi wenye kufunga tulikuwa tukiulizana mwezi umebakisha siku ngapi, yeye alishajua, kwa sababu kanzu za watoto humjia zote wiki moja. Jumapili aliimba kwaya. Alisema anaimba sauti ya tatu. Niliwauliza wanakwaya, wakasema anaimba sauti yake.

Maneno yake hayakuwa mengi. "Rudi Alhamisi" aliwaambia wateja wote, siku zote, Alhamisi ikiwemo. Bwana mmoja mkubwa wa ofisi alipowahi kutaka ashonewe kabla ya waliomtangulia, Fundi alimtazama kwa adabu kabisa akamwambia, "Shikamoo mheshimiwa, foleni inaishia kwa yule mtoto." Mheshimiwa alikaa nyuma ya mtoto. Suruali yake nadhani ilikuwa tayari Alhamisi, ila sijui ya wiki gani.

Na alikuwa na sheria moja ya kukata, ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Watu wawili wakileta kitambaa kimoja cha kugawana, yeye hakukata. Alimpa mmoja mkasi, akamwambia mwenzake asimame kando. "Wewe kata. Yeye atachagua." Niliwaona dada wawili wa Bongwe, waliokuwa wamenuniana tangu mazishi ya mama yao, wakigawana jora alilowaachia. Mwenye mkasi alichukua karibu robo saa kuanza. Alikunja, akakunjua, akapima kwa kiganja, akapima kwa futi, jasho likamtoka. Alipomaliza zile pande mbili zilikuwa sawa hata ungedhani ni za kiwandani, na mwenzake akachagua bila kutazama. Waliondoka wakizungumza. Fundi akarudi kwenye cherehani yake, wala hakutabasamu.

Sasa niseme na mabaya yake, ambayo nusu ni yangu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya msingi iliyo karibu, na mambo ya sare yalikuwa juu yangu. Shule ilikuwa na mchoro wa sare uliobandikwa ofisini tangu kabla sijaajiriwa. Kaptula ya mvulana ilikuwa na mifuko miwili ya ubavuni na mmoja wa nyuma. Sketi ya msichana haikuwa na mfuko. Kwa nini, hakuna aliyejua. Katika mkutano mmoja wa wazazi niliulizwa, nikajibu kwa sauti ya mamlaka kwamba wasichana wakipewa mifuko wataweka vitu. Wazazi wakatikisa vichwa wakikubali. Hakuna aliyeuliza vitu gani, na hilo lilikuwa jambo la heri kwangu.

Basi wasichana walitia kalamu kwenye soksi, na ufunguo wa nyumbani wakauvaa shingoni kwa uzi. Na Fundi alizishona sketi zile mwaka baada ya mwaka, mamia yake, bila neno. Msichana mmoja wa darasa la saba, mdomo mwepesi, alimwuliza mbele yangu kama hawezi kumtilia japo mfuko mdogo wa ndani usioonekana.

"Mchoro hauna," Fundi akamwambia.

"Lakini wewe unaweza, Fundi."

"Kuweza naweza. Mchoro hauna."

Mimi nilimsifu kwa nidhamu yake. Namtaja msichana huyu kwa sababu Fundi mwenyewe alimtaja baadaye, alipokuwa na shida zake, na alimtaja kwa namna ya mtu anayeungama.

Shida zake zilikuwa hizi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mutua. Mutua alikuwa fundi wa umeme katika mahoteli ya Diani, mtu mpole, mrefu kupita kiasi, aliyenunua kiwanja Bongwe na kujenga vyumba viwili kabla hajapata wa kuishi naye. Akaugua homa. Baada ya wiki mbili hakuwapo tena. Hakuoa, hakuacha mtoto, hakuacha wosia. Walimzika kiwanjani mwake, upande wa nyuma, na kwa muda wa mwezi mzima kibanda cha Kombani kilikuwa kimefungwa. Kilipofunguliwa, Fundi aliponiona alisema, "Mwalimu, ile suruali yako," akashindwa kumalizia. Nilisimama pale nikishika mlango.

Baadaye akaenda kwa chifu kutafuta barua ya mirathi. Aliniambia jinsi ilivyokuwa, naye alikuwa mtu wa kurudia maneno kama yalivyosemwa.

Karani alimwuliza, "Baba wa marehemu yu hai?"

"Yu hai."

"Basi aje yeye."

"Mimi ndiye mama."

"Pole sana mama. Lakini sheria inasema mtu asiye na mke wala mtoto, mali inakwenda kwa baba. Baba akiwa amekufa, ndipo inakuja kwa mama."

"Kwa hiyo nikitaka kupata, baba lazima afe?"

Karani alifikiri. "Kwa sheria, ndiyo."

"Haya," Fundi akamwambia. "Yuko wapi?"

"Mimi nitajuaje, mama?"

"Ninyi ndio mnaomtaka. Mtafuteni."

Baba Mutua alikuwa ameondoka mtoto akiwa darasa la pili. Hakuondoka kwa ugomvi. Alikwenda Taveta kutafuta kazi, na inaonekana kazi haikupatikana upesi, kwa sababu ilimchukua miaka ishirini na saba. Kumbe ofisi ikimtaka mtu humpata. Alikuja baada ya wiki tatu, akiwa amevaa koti la sufu katika jua la Kombani, akasimama nje ya kibanda akapiga hodi. Nilikuwepo. Alikuwa mzee wa heshima, mwembamba, na suruali yake ilikuwa ndefu mno, imeburura vumbi lote la njiani.

"Habari za siku nyingi, Mama Mutua," akasema.

"Nyingi kweli," Fundi akasema.

Alitoa pole kwa maneno mazuri. Akaeleza kwamba ameambiwa kiwanja ni chake, na kwamba kuna mtu wa Ukunda aliyekwisha kukiulizia. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayesoma tangazo lililoandikwa na mwingine. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha miwani.

"Vua hiyo suruali," akasema.

Mzee akanitazama mimi. Mimi nikatazama viazi vya karai.

"Tutakwenda kortini mimi na wewe," Fundi akamwambia. "Sitaki jaji aone kwamba niliolewa na mtu asiyejua kuvaa. Kaa kule nyuma ya pazia."

Akampunguzia pindo pale pale, inchi mbili na nusu, akaipiga pasi. Ndiyo mara pekee niliyomwona akimaliza kazi bila kutaja Alhamisi.

Kesi ilichukua miaka. Fundi alipata wakili, binti mdogo kutoka Mombasa aliyetumwa na kikundi kinachosaidia akina mama bila malipo. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo jioni baada ya shule nilikwenda kumsomea. Alinisimamisha kila sentensi. Ombi lilisema kwamba kifungu kile cha sheria ya urithi, kwa kumtanguliza baba na kumweka mama nyuma yake, kinapingana na Katiba, ibara ya ishirini na saba, inayosema mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria. Alipenda sana namba ile. Aliiandika kwenye daftari la vipimo ili asiisahau, na kwa kuwa nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye ukurasa wangu, inasomeka mpaka leo: kiuno hivi, paja hivi, urefu hivi, ishirini na saba.

Jioni moja aliniuliza, "Na kwenu Waislamu, Mwalimu? Mama hupata?"

Nikamwambia kwetu mama hupata, ana fungu lake limetajwa, hakuna wa kumnyima.

"Sawa na la baba?"

Nikamwambia chai inapoa.

Jambo lililomkosanisha na wakili, na hata na sisi sote tuliompenda, lilikuwa hili. Wakili alitaka kuieleza korti Baba Mutua ni mtu wa namna gani. Miaka ishirini na saba! Hakulipa karo, hakuleta hata kiatu, hata kaburi alionyeshwa. "Fundi, hiyo ndiyo story yetu," alisema. "Korti ikimwona, imekwisha. Unapata kiwanja chote."

"Sitaki chote," Fundi akasema.

"Unasemaje?"

"Nataka nusu."

Wakili alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye mkalimani na nimekosea. Fundi aliendelea kushona huku akisema. "Nikishinda kwa sababu huyu ni mbaya, yule mama ambaye mumewe ni mzuri atashindwa. Atakwenda kwa karani aambiwe mume wako ni mtu mwema, basi aje yeye. Mimi siendi kusema kwamba ni mama mzuri. Hata ningekuwa mama mbaya, ni mzazi. Na yeye hata akiwa hivyo alivyo, ni mzazi. Andika nusu kwa nusu."

"Na kaburi, Fundi?" nilimwuliza. Nilikasirika, sitaficha. "Akipata nusu akaiuza, na kaburi likawa humo?"

Mguu wake ulisimama juu ya cherehani. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, tulijua sote. Hakuwa na haja ya ardhi, alikuwa na haja ya pale mahali. "Hilo nalo," akasema. Kisha akaendelea kushona.

Siku ya kusikilizwa tulikwenda Kwale watatu, pamoja na Baba Mutua, kwa sababu alikuwa hajui njia. Fundi alikuwa amebeba mfuko wa madaftari yake yote. Wakili alimwambia hayo si ushahidi. Alikubali si ushahidi, akaendelea kuyapakata. Jaji aliona, akauliza ni nini. Likatolewa moja likapelekwa mbele. Lilikuwa na vipimo vya Mutua, kila Januari, tangu kaptula ya darasa la kwanza mpaka suruali ya kazi ya hotelini, mtu anarefuka ukurasa kwa ukurasa. Jaji alifunua polepole. Akauliza "mk" ni nini.

"Mkono, mheshimiwa."

"Na hii mistari miwili hapa mwishoni?"

"Alikuwa ameacha kukua, mheshimiwa. Nikaandika sawa na mwaka jana."

Jaji alilifunga daftari akasema halitaingizwa kwenye kumbukumbu za kesi, akalirudisha kwa mikono miwili. Nilimtazama Baba Mutua. Alikuwa anaangalia pindo la suruali yake.

Wiki ile ile shule ilipokea sketi za muhula mpya. Nilizifungua ofisini nikahesabu: zote zina mifuko, miwili miwili, ya ubavuni, imeshonwa kwa uzi wa kukaa. Nilikwenda Kombani mbio.

"Fundi, mchoro!"

"Mchoro nimeusoma miaka mingi. Nani aliuchora?"

Sikujua.

"Mimi nimempelekea jaji karatasi ya serikali, Mwalimu, nimwambie haiko sawa. Ataniuliza, na wewe mama, huko kwako unashona nini? Yule msichana wa soksi nilimjibu vibaya. Zirudishe ukitaka. Sitozifumua."

Mwalimu mkuu aliitisha kikao. Tuliketi tangu saa nane mpaka magharibi ikakaribia, tukijadili ni vitu gani wasichana wataweka. Walianza kuweka siku iliyofuata. Waliweka kalamu, na funguo.

Hukumu ilipotoka, jaji alisema kifungu kile hakiwezi kusimama pamoja na Katiba. Baba na mama wasimame mstari mmoja na wagawane sawa. Wakili alilia simu ikiwa mkononi. Karani wa chifu, nimeona kwa macho yangu, sasa huandika majina mawili pale palipokuwa na nafasi ya jina moja. Fomu hawajaibadilisha, kwa hiyo huandika kwa herufi ndogo. Mama mmoja wa Msambweni, mwenye mume mwema, alikuwa wa kwanza kuandikwa hivyo. Fundi alipoambiwa alisema, "Haya," akaenda nyuma ya pazia akakaa huko kitambo.

Ikabaki kukigawa kiwanja. Mpima ardhi alikuja Bongwe na vyuma vyake vya mpaka, mimi nikiwa shahidi. Fundi akasema atakata yeye. Alivuta kamba tangu mkonge mmoja mpaka mwingine, akapima kwa futi yake ya ushonaji akirudia rudia, na mpima ardhi alipokagua alikuta tofauti ya upana wa kidole. Nusu ya mbele ilikuwa na vyumba viwili na barabara. Nusu ya nyuma ilikuwa na mikorosho mitatu na kaburi.

Nikamnong'oneza kwamba amekata kwa akili. Nani ataacha nyumba na barabara achukue mikorosho? Alinikemea. "Kaburi halikatwi, lazima likae upande mmoja. Na mimi nimekata, kwa hiyo yeye achague." Lakini niliona anavyokunja ile futi na kuikunjua, nikajua amepiga hesabu kama niliyopiga mimi.

Baba Mutua alizunguka kiwanja chote, mikono nyuma. Akarudi.

"Nitachukua upande wa nyuma," akasema.

"Wa nyuma hauna nyumba," Fundi akamwambia.

"Nimeona."

"Hauna njia."

"Utanipitisha." Alivua kofia. "Alipokuwa hai sikukaa naye, Mama Mutua. Sasa nipe nikae naye. Yule mtu wa Ukunda nimemwambia asinipigie tena."

Fundi alikaa chini, mchangani, na futi yake mkononi, akalia kwa sauti mbele yetu sote, mtu ambaye hakulia hadharani hata siku ya mazishi. Wakili kwenye simu alisema hakuna sheria inayomlazimisha kufuata mambo ya wewe kata yeye achague. Wanaweza kurudi kortini. Mpima ardhi alisubiri na nyundo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno makali ya kumwambia yule mzee. Fundi akajipangusa uso kwa upindo wa leso.

"Nimekata mimi," akasema. "Piga vyuma."

Mwezi uliopita nilikwenda Bongwe kupimwa suruali ya kustaafia. Amehamishia cherehani kwenye chumba cha mbele cha Mutua, na kibao chake kinaonekana vizuri kutoka barabarani. Ilikuwa Jumamosi. Alipomaliza kunipima, akaandika, akasema "Haya," akachukua ndoo ya maji ya kumwagilia yale maua ya kaburini, nami nikamfuata. Tulipofika kwenye chuma cha mpakani akasimama. Akatua ndoo.

"Hodi," akaita.

Baba Mutua akatoka kwenye kibanda chake cha makuti, amezeeka sana, suruali imempwaya. "Karibu, Mama Mutua. Karibu, Mwalimu." Akasogea kando mpaka tulipomaliza. Kaburi lilikuwa limefagiliwa.

Tuliporudi sikuweza kujizuia. "Fundi, huoni vibaya? Kupiga hodi kwa mwanao?"

"Naona vibaya," akasema. "Kila Jumamosi naona vibaya."

Aliketi kwenye cherehani, akatafuta miwani mezani, akaikuta usoni.

"Lakini yeye naye akitaka kutoka kwenda barabarani hupiga hodi kwangu. Kila siku, asubuhi na jioni, hata akienda kununua chumvi. Kwa sheria ile ya kwanza, Mwalimu, ningepiga mimi peke yangu."

Akatunga uzi, akaniambia nirudi Alhamisi.